Mike Boit: Mkimbiaji Aliyefika Uprofesa

Kila mwaka, Kidato cha Nne wanapoingia muhula wa pili, huzuka katika mabweni yetu ubishi ule ule. Wengine husema ya kwamba mtahiniwa yampasa avisukume viatu vyake vya michezo chini ya kitanda, asivitoe mpaka mtihani wa taifa wa mwezi wa Novemba umekwisha. Wengine husema ya kwamba akili isiyopumzishwa huwa butu kama jembe lisilonolewa. Mwaka huu ubishi umepata uzito, kwa sababu baadhi ya wazazi wamependekeza katika kikao chao na walimu kwamba Kidato cha Nne waondolewe uwanjani kabisa, na saa yao ya michezo ya jioni igeuzwe kuwa saa ya masomo ya ziada. Uamuzi bado haujatolewa.

Mimi ni mmoja wa watahiniwa hao, tena ni mkimbiaji wa shule katika mbio za mita 800. Kwa hiyo sijidai kuwa mwamuzi asiye na upande. Lakini nimeona ni heri, badala ya kuongeza kelele juu ya kelele, niwaeleze wasomaji wa gazeti letu maisha ya mtu mmoja wa Afrika ya Mashariki aliyeshika vyote viwili, mbio na vitabu, akafika navyo mbali. Mtu huyo ni Profesa Mike Boit wa Kenya. Vijana wengi wa siku hizi hawalijui jina lake, kwa maana alikimbia kabla hatujazaliwa, na hata wazazi wetu wengine walikuwa bado watoto.

Mike Boit alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Wanandi, kwenye nyanda za juu za magharibi ya Kenya. Nchi hiyo ndiyo iliyomtoa Kipchoge Keino, aliyeshinda mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Wakati huo Boit alikuwa kijana wa miaka 19. Miaka minne baadaye yeye mwenyewe alivaa fulana ya Kenya akasimama pamoja na Keino yule yule katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, Ujerumani.

Kabla ya kueleza yaliyotokea Munich, yafaa nieleze kwanza mbio zenyewe za mita 800, maana si watu wote wanaozifahamu. Ni mizunguko miwili ya uwanja wa mita 400. Wakimbiaji wa masafa mafupi huziona ndefu mno, na wakimbiaji wa masafa marefu huziona fupi mno. Ugumu wake umo katika jinsi mwili unavyopata nguvu. Wenzangu wanaosoma Baiolojia watakumbuka ya kwamba seli zetu zinaweza kupata nguvu kwa kutumia oksijeni, na zinaweza pia kupata nguvu kwa muda mfupi bila ya oksijeni. Ni kama mpishi mwenye majiko mawili. Jiko la kwanza huwaka polepole, lahitaji hewa, nalo laweza kupika kutwa nzima. Jiko la pili huwaka kwa ukali na haraka, lakini hujaza moshi jikoni, na baada ya muda mfupi mpishi hulazimika kutoka nje.

Mkimbiaji wa mita 100 hutumia zaidi jiko la pili, na mkimbiaji wa maratoni hutumia karibu daima jiko la kwanza. Mkimbiaji wa mita 800 huyawasha yote mawili kwa pamoja. Wataalamu hukadiria ya kwamba kwa wakimbiaji waliofunzwa vizuri karibu theluthi mbili ya nguvu zao katika mbio hizi hutoka kwenye jiko lenye kuhitaji hewa, na iliyobaki hutoka kwenye lile jingine. Kwa hiyo mtu akiwasha jiko la ukali mapema mno, hufika mita ya 600 miguu imekuwa mizito kama ya mtu atembeaye ndani ya tope la mikoko. Akichelewa kuliwasha, wenzake wamekwisha kwenda. Mbio hizi zataka mapafu na misuli, lakini zataka pia hesabu, na hesabu hiyo hupigwa kichwani huku mtu anasukumwa viwiko na wenzake.

Basi mwezi wa Septemba mwaka 1972 Boit alisimama katika fainali ya mita 800 huko Munich. Fainali hiyo hukumbukwa sana kwa ajili ya Mmarekani mmoja, Dave Wottle, aliyekimbia amevaa kofia ya kapelo. Wottle alikuwa wa mwisho kabisa katika mzunguko wa kwanza, akapanda kidogo kidogo, akawapita wote, na mwisho akamshinda Yevhen Arzhanov wa Umoja wa Kisovieti kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Wottle alitumia dakika 1 na sekunde 45.86, Arzhanov 1:45.89, na Boit akaja wa tatu kwa 1:46.01, akapata nishani ya shaba. Ukipiga hesabu utaona ya kwamba baina ya dhahabu na shaba ilikuwako nafasi ya mita moja na kidogo tu. Katika michezo hiyo hiyo Boit alikimbia pia mita 1,500 akawa wa nne. Alikuwa na miaka 23.

Kijana mwingine angeweza kusema, "Nimekwisha fika, sasa nitaishi kwa miguu yangu." Boit hakufanya hivyo. Katika miaka hiyo ya 1970 alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Eastern New Mexico, kilichoko katika mji mdogo wa Portales, kwenye nchi tambarare na kavu ya jimbo la New Mexico.

Hapa yafaa nieleze desturi ya vyuo vya Marekani, kwa sababu ni tofauti na ya kwetu. Huko michezo ya vyuo ni jambo kubwa sana. Mchezo unaopendwa kuliko yote ni ule wanaouita wao kandanda, ambao si kandanda letu, bali huchezwa zaidi kwa mikono na wachezaji huvaa kofia ngumu na mito ya kukinga mabega. Zamani walikuwako hata waalimu wa vyuo ambao walicheza mchezo huo walipokuwa wanafunzi na baadaye wakawa makocha wake huku wakiendelea kufundisha madarasani. Pamoja na mchezo huo iko riadha, mpira wa kikapu na mingineyo. Chuo humtafuta kijana mwenye kipaji, kikamlipia ada, na mara nyingi chakula na malazi pia. Naye hukilipa chuo kwa kukishindania.

Lakini yako masharti, nayo ndiyo ninayotaka wenzangu wayashike. Mwanafunzi wa namna hiyo lazima awe anasoma masomo kamili, tena lazima alama zake zisishuke chini ya kiwango kilichowekwa. Akishuka, haruhusiwi kushindana mpaka amejikwamua. Haidhuru awe amevunja rekodi ngapi. Kwa njia hiyo mchezo wenyewe umefungwa kamba na kitabu: mwenye kutaka kukimbia Jumamosi lazima awe amesoma tangu Jumatatu.

Boit aliyatimiza masharti hayo, wala hakukomea hapo. Baada ya shahada ya kwanza aliendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Stanford, huko California, na baadaye akapata shahada ya udaktari. Stanford ni miongoni mwa vyuo vikubwa kabisa vya dunia. Miaka yote hiyo alikuwa bado anakimbia. Mwezi wa Januari mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, alikuwa wa pili katika mita 800 nyuma ya Mkenya mwenzake John Kipkurgat. Watanzania wanaikumbuka Christchurch kwa jambo jingine: ndiko Filbert Bayi wetu alikoshinda mita 1,500 tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, ikawa rekodi mpya ya dunia.

Sasa nafika kwenye mwaka 1976, na mwaka huo ndio kiini cha habari hii.

Michezo ya Olimpiki ya mwaka huo ilifanyika Montreal, Kanada. Boit alikuwa na miaka 27, umri ambao mkimbiaji wa masafa ya kati huwa amekomaa. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika ya Kusini, nchi iliyokuwa ikitawaliwa kwa ubaguzi wa rangi, na katika mwezi wa Juni mwaka ule ule polisi wa serikali hiyo walikuwa wamewapiga risasi watoto wa shule huko Soweto. Nchi za Afrika zilidai New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Wakuu wa Olimpiki walikataa, wakasema raga si mchezo wa Olimpiki. Kwa hiyo nchi zaidi ya ishirini, nyingi sana zikiwa za Afrika, hazikushiriki. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosimama mbele katika jambo hilo, na Kenya nayo iliwaondoa vijana wake. Filbert Bayi, ambaye dunia ilikuwa inangoja kumwona akipambana na John Walker wa New Zealand, hakukimbia. Walker alishinda mita 1,500. Boit naye hakukimbia, na mita 800 zikashindwa na Alberto Juantorena wa Kuba.

Sisemi ya kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Watoto wa Soweto walikuwa wa umri wetu, na mtu hawezi kucheza kwa furaha na yule anayekwenda kustarehe na muuaji wa ndugu yake. Ninalosema ni kwamba deni la haki ile lililipwa na watu wachache, na Boit alikuwa mmoja wao.

Tazameni hesabu hii. Juantorena alishinda Montreal, tarehe 25 Julai, kwa dakika 1 na sekunde 43.50, nayo ilikuwa rekodi ya dunia. Wa pili, Ivo Van Damme wa Ubelgiji, alitumia 1:43.86. Tarehe 20 Agosti, hata mwezi mmoja haujatimia, Mike Boit alikimbia mita 800 katika mji wa Berlin kwa 1:43.57. Maana yake ni kwamba muda wake ulikuwa bora kuliko wa yule aliyepata nishani ya fedha, na ulipungukiwa na sehemu saba tu za mia za sekunde kuufikia wa yule aliyepata dhahabu. Kwa mwendo aliokuwa nao Boit, wa mita 7.72 kwa sekunde, sehemu hizo saba ni kama nusu mita. Mtu mzima akinyosha mkono wake anaweza kuigusa nafasi hiyo.

Wenye kujua watasema, na ni kweli, ya kwamba mbio za Olimpiki huja baada ya michujo yenye kuchosha, na ya kwamba saa ya Berlin haiwezi kumpa mtu nishani ya Montreal. Hakuna awezaye kusema Boit angekuwa wa ngapi. Lakini ili mwone alikuwa mkimbiaji wa namna gani, nitajifananisha naye, ingawa ni kujifananisha kwa sisimizi na tembo. Mimi nikikimbia mzunguko mmoja tu wa mita 400 kwa nguvu zangu zote, hutumia sekunde 56, kisha hulala majanini. Yeye alikimbia miwili mfululizo, na wastani wa kila mmoja ulikuwa chini ya sekunde 52.

Mwaka uliofuata, 1977, alikutana na Juantorena katika Kombe la Dunia la riadha mjini Düsseldorf. Walikimbizana mpaka mwisho, na Juantorena akashinda kwa nafasi ndogo sana. Mwaka 1978, huko Edmonton, Kanada, Boit alipata dhahabu ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kisha ukaja mwaka 1980, na Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Safari hii sababu ilikuwa nyingine kabisa. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan mwezi wa Desemba 1979, na Marekani ikaziomba nchi nyingine zisiende Moscow. Kenya ilikubali. Tanzania ilikwenda, na huko Suleiman Nyambui akapata nishani ya fedha katika mita 5,000, na Filbert Bayi akapata ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mpaka Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo mbili ndizo nishani pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki.

Kwa hiyo Boit aliikosa Olimpiki mara ya pili, akiwa na miaka 31. Wala hakuwa peke yake. Henry Rono, Mnandi mwenzake, aliyevunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978 huku akiwa mwanafunzi wa chuo huko Marekani, hakupata kukimbia katika Olimpiki hata mara moja maishani mwake.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasimame kidogo wafikiri. Boit hakuvunjika mguu, wala hakuwa mvivu, wala hakushindwa na mtu. Milango ilifungwa na mambo yaliyo mbali naye: mara ya kwanza kwa ajili ya Afrika ya Kusini, mara ya pili kwa ajili ya Afghanistan. Mwanamichezo anaweza kufanya kila jambo linalompasa, na bado asipate alichokitafuta, kwa sababu uwanja si mali yake. Lakini masomo aliyoyapata Portales na Stanford hakuna serikali wala vita iliyoweza kuyasusia. Yalikuwa yake.

Hakuacha kukimbia kwa uchungu. Tarehe 28 Agosti 1981, akiwa na miaka 32, alikimbia maili moja mjini Brussels kwa dakika 3 na sekunde 49.45, akawa wa pili nyuma ya Mwingereza Sebastian Coe, ambaye siku hiyo aliweka rekodi ya dunia. Muda huo wa Boit ulikuwa bora kwa zaidi ya sekunde moja kuliko 3:51.0 aliyokimbia Filbert Bayi mwaka 1975, ambayo nayo ilikuwa rekodi ya dunia kwa wakati wake. Mashindano hayo ya Brussels yanaitwa kwa jina la Ivo Van Damme, yule Mbelgiji wa Montreal, aliyekufa katika ajali ya gari mwisho wa mwaka 1976 akiwa kijana bado. Mwaka 1982, huko Brisbane, Australia, Boit alipata nishani ya shaba ya mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Kisha miguu ilimaliza kazi yake, kama miguu ya kila mtu inavyomaliza, na kichwa kikaendelea. Boit alirudi nyumbani akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, karibu na Nairobi, akifundisha elimu ya mazoezi ya mwili na michezo, na huko akafika cheo cha profesa. Katika miaka ya 1990 alikuwa pia Kamishna wa Michezo wa serikali ya Kenya.

Kazi moja ya usomi wake napenda kuieleza, maana yaonyesha jinsi mkimbiaji anavyoweza kuwa mwanasayansi wa jambo analolijua kwa mwili wake. Watu wengi duniani huuliza kwa nini Wakenya hukimbia vizuri, na kila mtu ana jibu lake la kubuni: wengine husema ni chakula, wengine ni damu, wengine ni baridi ya milimani. Mwaka 2006 Boit na wataalamu wenzake wa Kenya na wa Scotland walichapisha uchunguzi. Badala ya kubuni, waliwaendea wakimbiaji wenyewe, mamia yao, pamoja na Wakenya wengine wasio wakimbiaji, wakawauliza maswali yale yale: umezaliwa wapi, lugha yako ni ipi, ulipokuwa mtoto shule ilikuwa mbali kiasi gani, na ulikwenda kwa njia gani. Majibu yalionyesha ya kwamba wengi sana wa wakimbiaji walitoka katika jimbo la Bonde la Ufa, na ya kwamba wakimbiaji wa kimataifa walikuwa wamezoea zaidi kuliko watu wengine kwenda shule kwa kukimbia, tena mwendo mrefu. Jambo hilo ni zuri kulifikiri. Njia ya kwenda kwenye kitabu ndiyo iliyokuwa uwanja wao wa kwanza wa mazoezi.

Boit si mtu wa pekee wa namna hii. Suleiman Nyambui alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, akawa bingwa wa vyuo vya Marekani. Filbert Bayi baada ya mbio zake alianzisha shule, Kimara hapa Dar es Salaam na Mkuza huko Kibaha, na leo watoto wengi husoma katika shule zenye jina lake. Katika kandanda, Dk. Mshindo Msolla, ambaye ni msomi wa kilimo, aliwahi kuwa kocha wa Taifa Stars, na mwaka 2019 wanachama wa Yanga walimchagua kuwa mwenyekiti wao. Na wale wanaofuata ligi ya Uingereza watamkumbuka Manuel Pellegrini wa Chile, aliyeipa Manchester City ubingwa mwaka 2014. Huyo alicheza miaka mingi kama mlinzi wa klabu ya Universidad de Chile, yaani klabu iliyozaliwa na chuo kikuu, na baadaye akaifundisha klabu hiyo hiyo. Katika miaka hiyo ya uchezaji alisoma uhandisi wa ujenzi akapata shahada yake mwaka 1979. Mpaka leo watu humwita Mhandisi.

Najua mzazi mmoja atajibu, "Mwanangu, hao ni wachache. Kwa kila Boit mmoja wako vijana elfu waliopoteza masomo kwa ajili ya mpira, na sasa hawana mpira wala masomo." Mzazi huyo asema kweli, wala sitaki kumpinga. Maisha ya Boit hayathibitishi ya kwamba kukimbia huleta alama nzuri. Yanathibitisha mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba mchezo na kitabu vinaweza kukaa katika mtu mmoja bila ya kimoja kukiua kingine. La pili ni kwamba vikikaa pamoja, kitabu ndicho kinachodumu. Mvuvi wetu wa Kunduchi, hata awe na mashine mpya ya mashua, hatoki kwenda baharini bila ya kasia. Mashine ndiyo impelekayo mbali upesi. Lakini ikizimika katikati ya maji, kasia ndilo litakalomrudisha nyumbani. Mwenzangu unayefunga mabao na kushangiliwa, nakuuliza: kasia lako liko wapi?

Na kwa wale wanaotaka tuondolewe uwanjani, nawaomba wapige hesabu ya siku yetu. Tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Tuna vipindi asubuhi mpaka alasiri, na baada ya chakula cha usiku tuna masomo ya jioni mpaka saa nne. Saa ya michezo ni moja, kuanzia saa kumi na nusu. Katika saa hiyo mtu aliyekaa juu ya benchi kutwa hunyosha mgongo, na akili yake hupata kutulia. Bahari ikipwa, mchanga wa pwani yetu hukakamaa ukafaa sana kukimbilia, na sisi wa timu ya riadha tukirudi kutoka huko tunaweza kukaa na kitabu cha Fizikia kwa utulivu kuliko yule aliyeshinda bwenini akipiga soga. Saa ikichukuliwa kwa masomo ya ziada, si lazima kuwa itasomwa. Yaweza kusinziliwa tu.

Kwa hiyo, kwa heshima, napenda kutoa pendekezo langu mbele ya Mwalimu Mkuu, walimu na wazazi wetu. Tuchukue sharti la vyuo vya Marekani tulifanye letu. Kidato cha Nne waachiwe saa ya michezo siku tatu kwa juma, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku mbili zilizobaki ziwe za masomo ya ziada. Kila mwisho wa mwezi walimu wa madarasa watazame alama za majaribio. Mwanafunzi ambaye alama zake zimeshuka asimame nje ya uwanja, awe ni nahodha au awe ni mchezaji wa akiba, na saa yake ya michezo aitumie kwa masomo mpaka jaribio lifuatalo. Akipanda, arudi. Sharti hilo linihusu mimi kwanza, na niko tayari kulitii.

Kwa njia hiyo hakuna atakayeweza kusema ya kwamba michezo ni kimbilio la wavivu, na wale wanaopenda uwanja watakuwa na sababu moja zaidi ya kufungua daftari. Hayo ndiyo maoni yangu. Wenye maoni mengine, wawe wanafunzi, walimu au wazazi, nawaomba wamwandikie mhariri, ili tuyasome katika toleo la muhula ujao.